Kodi Nafuu Iliyotugharimu Ujuzi

Kwa miaka kadhaa nilisimamia karakana ndogo ya kuchonga vipuri vya mitambo, na uamuzi ninaoujutia kuliko mingine yote ni ule wa kuihamishia mbali na karakana nyingine kwa sababu tu kodi ya pango huko ilikuwa nafuu. Hesabu ya kodi niliipiga sawasawa. Nisichokihesabu ni mazungumzo ya jioni baina ya mafundi wetu na majirani zao, ambamo walikuwa wakijua chuma kipi hupasuka mapema na msambazaji yupi ameanza kuchelewesha mzigo. Haukupita mwaka tukaanza kurudia makosa ambayo wenzetu walikwisha kuyatatua.

Mwanauchumi Alfred Marshall alilieleza jambo hili tangu mwaka 1890: viwanda vya aina moja vikikaa pamoja, hupata mafundi wenye ujuzi, wasambazaji maalumu na maarifa yanayosambaa bila kununuliwa. Sehemu kubwa ya ujuzi wa kazi haiandikiki. Imo mikononi na masikioni mwa fundi, na huambukizwa kwa kukaa karibu.

Hata hivyo, usidhani ukaribu peke yake unatosha. Huko California, sheria iliyokuwapo tangu mwaka 1872 hubatilisha mikataba mingi inayomzuia mfanyakazi kwenda kwa mshindani, hivyo ujuzi huhama pamoja na watu: Robert Noyce na Gordon Moore, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wanane wa Fairchild Semiconductor, kampuni ya vipuri vya kielektroniki, mwaka 1957, waliondoka na kuanzisha kampuni ya Intel mwaka 1968. Katika ukanda wa barabara ya Route 128, karibu na jiji la Boston, Marekani, kampuni za kompyuta nazo zilikuwa jirani, lakini nyingi zilijifungia ndani, na katika miaka ya 1980 zikapitwa na zile za California.

Tuliporudi kwenye mtaa wa karakana, nilifika na tabia ileile ya kujifungia, nikashangaa kwamba hakuna aliyetuambia lolote. Milango ilifunguka siku tulipomweleza jirani, bila kuombwa, jinsi tulivyozuia kisu cha mashine kisitetemeke. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uanze wewe kutoa, lakini uchague: hitilafu za mashine na ubora wa malighafi vizungumzwe wazi, ilhali michoro ya wateja ibaki kabatini. Bei msizijadili kabisa na washindani, kwani katika nchi nyingi kupanga bei kwa pamoja ni kosa kisheria.