Kibao Kiwe Njia Panda, Kisisubiri Darajani

SWALI: Kaka, habari za kazi. Tuko kikundi cha wanaojitolea kutunza njia ya umma ipitayo msituni. Wanaitumia waendesha baiskeli, wakimbiaji na wanaotembea. Daraja la mbao limeoza, tumelifunga ili litengenezwe. Tumeweka kibao cha "NJIA IMEFUNGWA" na utepe palepale darajani, lakini kila asubuhi tunakuta utepe umekatwa na alama za tairi zimepita. Tuwafanyeje watu hawa? – Mtunza Njia

JIBU: Ndugu Mtunza Njia, poleni sana. Mimi niliwahi kuwa mmoja wa hao wanaopita.

Nilikuwa nimepanda mlima kwa baiskeli karibu saa nzima, nikateremka upande wa pili, na kule chini nikakuta utepe kati ya miti miwili na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Maji ya mvua yalikuwa yameingia, wino umechuruzika. Nilisoma "imefungwa" na tarehe isiyo na mwezi. Sababu haikuandikwa, wala pa kupitia. Kurudi maana yake ni kuupanda mlima ule upya, basi nikainua utepe nikapita. Hatua chache mbele mbao zote zilikuwa zimeng'olewa, imebaki mihimili miwili na maji yanakwenda kasi chini yake. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa bado nakokota baiskeli. Nilikosea, na silitetei kosa hilo. Ila habari ilinifikia mahali ambapo kuitii kulikuwa na gharama kubwa kuliko kuipuuza.

Kwa hiyo kibao chenu kikubwa kihamishieni njia panda ya mwisho kabla ya daraja, pale mtu anapoweza kukata kushoto au kulia bila kupoteza kitu. Wekeni pande zote mbili za daraja, na vingine kwenye milango ya kuingilia msituni. Cha darajani kibaki, lakini kisiwe cha kwanza kuonekana.

Maneno yake yawe hivi: "Daraja limeoza, litakuvunjikia. Hakuna kupita hata kwa miguu, hadi" na tarehe kamili, mwezi na mwaka, "Fuata mshale: kilomita 2 zaidi." Hilo la "hata kwa miguu" msiliache. Mwendesha baiskeli akisoma "imefungwa" hushuka, akajiona sasa ni mtembea kwa miguu, akaendelea na safari. Msitegemee pia ile alama ya duara lenye ukingo mwekundu na baiskeli ndani yake, kwa sababu inakataza baiskeli peke yake na mkimbiaji hataona kama inamhusu. Halafu ipiteni wenyewe hiyo njia mbadala kabla ya kuitangaza. Ikiwa ina ngazi au matope mazito, mwenye kiti cha magurudumu au mzazi anayesukuma kigari cha mtoto ajue tangu njia panda.

Utepe unanitia hofu. Anayekwenda kilomita 25 kwa saa anakata karibu mita 7 kila sekunde. Akichelewa sekunde 2 kushtuka, mita 14 zimeisha kabla hajagusa breki. Wekeni kizuizi kigumu chenye viakisi mwanga, mbali na kona, na kibao kingine cha kumtahadharisha kabla hajakifikia. Kamba au waya msifunge kamwe, nawasihi. Jioni havionekani, na vinamnasa mtu shingoni.

Kwenye simu, tumeni picha ya ramani ya mchepuko kwa vikundi vya waendesha baiskeli, lakini msikome hapo. Wengi wamepakua njia zao zamani, na kifaa kitawaongoza hadi darajani kama kwamba hakuna kilichobadilika.

Kazi ikichelewa, badilisheni tarehe kabla haijapita. Na siku daraja likifunguliwa, mmoja wenu azunguke na orodha ya vibao mkononi, aviondoe vyote siku hiyo hiyo, hata kile cha mlango wa mbali kabisa. Anayekuta kibao kimesahaulika na njia ni nzima, kibao chenu kijacho hatakisoma.