Wimbo kwenye sini: jua unatoka wapi na unaishia wapi kabla hujashuti

Mkuu mleta uzi, kwa wanaoingia sasa hivi nirudie swali lako kwa ufupi. Una filamu fupi yenye sini (tukio moja, mahali pamoja) ya kama dakika tatu ndani ya baa: mume na mke wanakutana baada ya miaka mingi. Chini yake umelaza wimbo wa dansi wa zamani, kuanzia mwanzo wa sini hadi mwisho. Kila anayetazama anakwambia inafanana na video ya muziki, tena wanayoongea hayasikiki vizuri. Umeuliza kama ubadilishe wimbo.

Wimbo uache kwanza. Ukileta mwingine utakutana na tatizo lile lile, kwa sababu umemwaga wimbo juu ya sini ambayo ilishakamilika bila huo wimbo. Wimbo unaojulikana una mwanzo wake, una pale unapopanda, una maneno, na una kumbukumbu za watu. Hiyo ni hadithi ya pili. Usipoipangia mahali itagombana na ya kwako, na mara nyingi wimbo ndio hushinda: mtazamaji ameujua miaka ishirini, wahusika wako amewajua dakika nne.

Kwa hiyo amua jambo la kwanza: wimbo unatoka wapi? Redio iliyo kaunta, spika za ukumbini, bendi, simu ya mtu, au hautoki popote, ni watazamaji tu wanaousikia? Wengi tunaruka swali hili, na ndilo linalozaa "video ya muziki". Wimbo usio na chanzo, ukipigwa safi kama ulivyotoka studio, kwa kiwango kimoja dakika tatu mfululizo, humwambia mtazamaji aache kusikiliza mahali na aanze kutazama picha zinazopita.

Tazama Reservoir Dogs ya Quentin Tarantino (1992), ile sini ya polisi aliyefungwa kwenye kiti ndani ya ghala. Jambazi anayeitwa Mr. Blonde anawasha redio, mtangazaji anautaja wimbo, halafu "Stuck in the Middle with You" ya Stealers Wheel inaanza. Ni wimbo wa 1972, mwepesi, wa kutikisa mabega, na jamaa anaucheza akiwa na wembe mkononi. Watu wakiieleza sini hii husema ujanja wake ni wimbo wa furaha juu ya ukatili. Ni kweli, lakini ujanja mkubwa uko pale anapotoka nje kuchukua petroli kwenye gari. Kamera inamfuata. Akishatoka mlangoni wimbo unafifia, na nje ni mchana wa kawaida, mtaa umetulia. Anachukua galoni, anarudi, na akiingia wimbo unampokea. Kwa sekunde hizo chache umeelezwa kwamba dunia ya nje haina habari na kinachotendeka mle ndani, na hakuna aliyesema neno. Wimbo ndio umejenga ukuta. Ungekuwa ni wimbo wa watazamaji tu, ukuta huo usingekuwepo.

Kwenye sini yako baa tayari ina mlango. Mtoe mke nje, wimbo ubaki ndani, na ile sentensi nzito kuliko zote isemwe kule nje kwenye kimya. Kosa la maneno kutosikika litakuwa limepungua kabla hujagusa programu ya kuhariria.

Sasa namna ya kuufanya wimbo usikike kama kweli umo ndani ya baa. Njia nzuri kuliko zote ni ya zamani. Mtaalamu wa sauti Walter Murch na mwongozaji George Lucas waliitumia kwenye American Graffiti (1973), filamu ya usiku mmoja wa mwaka 1962 yenye nyimbo zaidi ya 40, nyingi zikitoka kwenye redio za magari. Walitengeneza kipindi kizima cha redio, na mtangazaji Wolfman Jack ndani yake, wakakipiga kwenye spika uani. Mmoja alikuwa akiigeuzageuza spika, mwingine kwa mbali akigeuza maikrofoni, sauti ikawa inakuja na kupotea kama inavyokuja na kupotea gari likikatiza mtaani. Wakati wa kuchanganya walikuwa na wimbo safi na hizo rekodi za uani sambamba, wakawa wanahama kutoka moja kwenda nyingine kadiri sini ilivyotaka.

Hilo unaliweza kwa gharama ndogo. Nenda kwenye ile ile baa uliyoshutia, asubuhi kabla ya wateja, na friji izimwe. Piga wimbo kwa spika zao, kwa sauti wanayotumia jioni. Weka rekoda moja mita 2 kutoka kwenye spika, ya pili mita 8 hivi au nyuma ya mlango. Kabla ya wimbo piga kofi moja kubwa ili upate alama ya kulinganishia. Acha wimbo uende mpaka mwisho, kisha piga kofi tena. Kofi la pili lina kazi yake: rekoda mbili tofauti haziendi kasi sawa kabisa, na baada ya dakika saba unaweza kukuta moja imebaki nyuma. Bila kofi la mwisho utahangaika kutafuta kwa nini.

Ukirudi kwenye kompyuta utakuwa na njia tatu: wimbo safi, wa karibu, wa mbali. Hapa kuna mtego. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo rekoda ya mita 2 imechelewa kama milisekunde 6. Ukipiga wimbo safi na huo wa karibu kwa viwango sawa kwa pamoja, masafa mengine ya sauti (besi na za juu) yanafutana na gitaa linasikika kama liko ndani ya bomba. Hama kutoka mmoja kwenda mwingine, usizilaze zote mbili sawasawa. Ule wa mbali umechelewa milisekunde 23 hivi. Huo uache ulivyo, kuchelewa huko ndiko kunakomwambia sikio kwamba pale pana umbali.

Ikishindikana kabisa kwenda, tumia ikwalaiza, kifaa cha programu cha kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu. Redio ndogo haina besi: kata chini ya 300 Hz na juu ya 4,000 Hz hivi. Spika kubwa ikisikika kutoka chumba cha pili ni kinyume chake, besi inapenya ukuta na matoazi hayapenyi, kwa hiyo kata kila kilicho juu ya 500 Hz. Ongeza mwangwi mfupi wa chumba. Itafaa, ila hutapata ule mtetemo wa bati na wa meza ambayo chumba halisi hukupa.

Jambo la pili ni mwisho wa wimbo, na hapa naomba utulie, kwa maana watu huhangaika wiki nzima na pa kuingilia kisha wakaufifisha tu mwishoni. Goodfellas ya Martin Scorsese (1990) ina ile shoti moja isiyokatwa, ya karibu dakika tatu, jambazi Henry anapompeleka mpenzi wake Karen ukumbi wa Copacabana. Wimbo ni "Then He Kissed Me" ya The Crystals, wa 1963. Wanakwepa foleni, wanapita mlango wa pembeni, ngazi, korido, jikoni, hadi mhudumu anabeba meza na kuisimika mbele ya jukwaa kwa ajili yao. Wimbo hautoki kwenye spika yoyote mle ndani, lakini una mwenyewe: ni wa Karen. Anayeimba ni msichana anayesimulia alivyoombwa kucheza, akabusiwa. Henry anagawa noti kila kona, na sisi tunamwona kwa macho ya Karen kwa sababu masikio yetu ni yake. Kisha pima urefu. Safari nzima imepewa urefu wa wimbo. Wimbo unapokwisha wamekaa na mchekeshaji ameanza kazi jukwaani. Hakuna aliyeufifisha kwa sababu sini imechoka.

Nyimbo za dansi zinakupa kitu ambacho huo wa The Crystals hauna. Nyingi zina sehemu mbili: kwanza maneno, taratibu, halafu chemko, gitaa linapotangulia na watu wanainuka. Wakongo wanaiita sebene. Hiyo ni bawaba ya bure. Weka juu yake tukio ambalo sini inageuka, halafu hesabu kurudi nyuma. Tuseme mume anaiweka pete mezani dakika 2:10 ya sini, na kwenye wimbo chemko inaanza 4:05. Toa 2:10 kwenye 4:05, unapata 1:55. Basi sini inafunguka wimbo ukiwa 1:55, katikati ya ubeti. Usiogope hilo. Ukiingia baa yoyote jioni unakuta wimbo ulishaanza. Ukianzia gitaa la kwanza kabisa, mtazamaji anahisi mtu amebonyeza kitufe.

Kuna wakati utalazimika kutoa ubeti mmoja ili hesabu ikubali. Kata mwanzo wa mzunguko wa mapigo manne, unganisha na mwanzo wa mzunguko mwingine, laini kiungo kwa milisekunde 10 hadi 20, na ukiweza kifiche chini ya kelele ya chupa au kiti kinachoburutwa. Ila rekodi za zamani zilipigwa na bendi nzima kwa pamoja, bila saa ya kompyuta, na bendi huongeza kasi kadiri inavyopata moto. Ukiunganisha dakika ya pili na dakika ya sita, kasi itaruka na hata asiyejua muziki atashtuka. Pima kwanza mapigo ya pande zote mbili. Yakipishana zaidi ya mawili kwa dakika, tafuta mahali pengine.

Kuhusu kukata picha kwa mdundo: mdundo wa 100 kwa dakika, ukishuti fremu 25 kwa sekunde, ni fremu 15 kamili kila pigo. Mdundo wa 120 ni fremu 12 na nusu, kwa hiyo mikato yako itakuwa inateleza hata ukihesabu vizuri. Lakini kwa maongezi ya watu wawili mimi nisingekata kwa mdundo hata kidogo, isipokuwa mara moja, pale chemko inapoanza. Kata kwa macho ya waigizaji. Nina hakika nusu ya ile hisia ya video ya muziki inatokana na mikato inayoangukia kila pigo la ngoma.

Maneno. Mswahili hawezi kusikiliza Kiswahili cha aina mbili kwa wakati mmoja. Mwimbaji akisema "nimekusamehe" mume akisema "nimerudi", vyote viwili vinapotea. Panga maongezi yaangukie kwenye gitaa na tarumbeta, mwimbaji aachiwe pale wahusika wanapotazamana kimya. Rekodi nyingi za wakati ule hazina sauti zilizotengwa, huwezi kumshusha mwimbaji peke yake. Programu za kutenganisha sauti zipo na zinasaidia, ila huacha vivuli vya sauti vinavyosikika waziwazi ukumbini. Zitumie kwenye ule wimbo wa mbali tu. Viwango: vilele vya maongezi viwe kati ya desibeli -12 na -6, wimbo uwe chini yake kama desibeli 15, na uushushe kwa maongezi yote ya kipande hicho. Ukiushusha na kuupandisha kila neno, wimbo utapumua kama mtu anayekimbia.

Ukirudi kushuti, usipige wimbo wakati wanaongea. Sauti yake ikishaingia kwenye maiki ya maongezi, kwenye kila mkato wimbo utaruka. Upige sekunde 20 waigizaji wapate mwendo, uzime, kisha waanze. Wachezaji wa nyuma wape mdundo mtupu wa besi ya 40 Hz kupitia spika kubwa: watauhisi miguuni, na baadaye unauondoa kwa kukata chini ya 80 Hz bila kuumiza sauti za watu. Pasipo na maongezi, piga wimbo wenyewe. Zile shoti za maiti kwenye Goodfellas zilishutiwa kile kipande cha piano cha "Layla" kikipigwa pale pale, kamera itembee nacho.

Haki za kutumia wimbo nitazigusa kwa haraka kwa kuwa hukuziuliza. Zipo mbili: ya utunzi na ya rekodi. Nyimbo nyingi za dansi zilirekodiwa Radio Tanzania na mikanda iko TBC (shirika la utangazaji la taifa), wakati utunzi ni wa mtunzi au warithi wake. Ruhusa ya upande mmoja haitoshi. Anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kuulizia mtunzi. Kwenye karatasi ya ruhusa viandikwe sekunde utakazotumia, miaka, nchi, na kama ni tamasha, runinga au intaneti. Fanya hivyo kabla ya kushuti, maana mhariri akishaizoea sini na wimbo fulani, haachi. Kwenye The Graduate (1967) nyimbo za Simon & Garfunkel zilizowekwa kwa muda wakati wa uhariri ndizo zilizobaki, na wao walifanikiwa kupata ruhusa.

Ukimaliza kurekodi pale baa, leta hapa sekunde 30 kuanzia mke anaposhika kitasa mpaka mlango unapojifunga, tusikilize wimbo unavyobaki ndani.