Mfungo, Tafakuri na Vidonge: Majibu kwa Barua Zenu

Swali: Natumia lithiamu kwa ugonjwa wa bipola (hali ya kupanda kwenye msisimko mkali na kushuka kwenye huzuni nzito). Kikundi chetu cha maombi kitakwenda kwenye mapango ya Menengai kufunga siku saba bila chakula wala maji, na kukesha. Je, niende? – Msomaji, Kaptembwa, Nakuru

Jibu: Usiende kwa mfungo wa namna hiyo. Lithiamu hutolewa mwilini na figo, na kiwango kinachotibu hakiko mbali na kiwango kinachodhuru. Mwili ukipungukiwa na maji na chumvi, figo huizuia badala ya kuitoa, hivyo dozi ile ile uliyoizoea hugeuka sumu: mikono hutetemeka, mtu hutapika, hupepesuka, huropoka, na asipofikishwa hospitalini anaweza kufa. Mle pangoni wenzako watadhani umepagawa, nao watazidisha maombi wakati unahitaji kubebwa.

Mkesha nao ni hatari ya pili. Kukosa usingizi ni kichocheo kinachojulikana sana cha kipindi cha msisimko uliopita kiasi, na nimeketi na familia zilizosifu uchangamfu wa kijana wao kwa siku tatu kabla ya kutambua kwamba alikuwa mgonjwa. Nenda kwenye maombi ya mchana, kula, kunywa maji, rudi nyumbani ulale, na ufunge kwa kujinyima kitu kingine unachokipenda. Mweleze kiongozi wako hali yako mapema. Akikwambia uache dawa ili kuthibitisha imani yako, tafuta kiongozi mwingine.

Swali: Niliombewa na sijaanguka kifafa kwa miezi miwili. Niache vidonge? – Msomaji, Ahero

Jibu: Hapana. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, nalo huua. Mshukuru Mungu, na uendelee kumeza vidonge hadi daktari wako aseme vinginevyo.

Swali: Hospitalini nimefundishwa tafakuri, yaani kutulia na kufuatilia pumzi yangu, ili kupunguza wasiwasi. Mume wangu anasema hiyo ni ibada ya Kibudha. – Mama, Mumias

Jibu: Chimbuko lake kweli limo katika mafunzo ya Kibudha, na si vyema kulificha. Hata hivyo, mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliyapanga mazoezi hayo kuwa kozi ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, bila ibada yoyote ndani yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022 uliilinganisha kozi hiyo na escitalopram, dawa inayotumika kutibu wasiwasi, kwa watu wenye maradhi ya wasiwasi, na haikuonekana kuzidiwa na dawa. Angalieni lakini kilichopimwa: wiki nane, mwalimu aliyefunzwa, na mazoezi ya nyumbani kila siku. Somo la saa moja linalouzwa mtandaoni halina haki ya kujivika matokeo hayo. Tena, mtu anayesikia sauti au aliyetendewa ukatili asijifungie kimya macho yamefumbwa bila mtaalamu, kwa sababu baadhi yao huzidiwa. Nendeni wewe na mumeo kwa sheikh mnayemwamini, mkamweleze hasa unachofanya.

Swali: Dawa gani ni nzuri kwa wasiwasi? – Ujumbe wa simu, bila jina

Jibu: Nimeomba mara nyingi mwandike umri, muda wa tatizo, dawa mnazotumia, na kama kuna ujauzito. Bila hayo sitaji dawa yoyote.

Swali: Mwanangu wa miaka minne haongei, na daktari amesema ana usonji. Kiongozi wa maombi anasema ni pepo bubu. Anataka nipande mbegu, yaani nimtolee sadaka ya fedha, na nimwache mtoto kwake wiki tatu. – Mama, Kondele, Kisumu

Jibu: Usimwache. Mtoto asiyeongea hawezi kukusimulia alivyotendewa, na ripoti ya shirika la kutetea haki za binadamu, Human Rights Watch, ya mwaka 2020 kuhusu watu wanaofungwa minyororo kwa sababu ya afya ya akili iliitaja Kenya pia.

Usonji ni namna ubongo wake ulivyokua tangu mwanzo. Si pepo, si chira (laana ya kuvunja mwiko), wala si kosa lako, na hakuna sala, mitishamba, kidonge wala tafakuri iliyothibitishwa kuuondoa. Msaada upo, lakini ni wa polepole: apimwe masikio, afundishwe na mtaalamu wa matamshi, atumie picha kuomba anachotaka. Uliza pia kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalum; Kenya imekuwa na vituo hivyo tangu 1984. Mazoezi ya utulivu yanakufaa wewe zaidi, kwani wazazi huchoka mno. Na kanisa likitaka kuonyesha upendo, akina mama wapokezane kumshika mtoto ili nawe ulale.

Swali: Mwanafunzi wangu wa miaka 15 mwenye ulemavu wa akili hupiga wenzake. Tafakuri inaweza kumsaidia? – Mwalimu, Kakamega

Jibu: Inaweza. Kwanza hakikisha hana jino au sikio linalomuuma, maana wengi hupiga kwa sababu hawana maneno ya kusema maumivu. Kisha jaribu zoezi la nyayo ambalo mtafiti Nirbhay Singh na wenzake walilieleza mwaka 2003: hasira ikianza, mtu huhamisha mawazo yake hadi kwenye nyayo, huchezesha vidole, huhisi ardhi na kupumua hadi hasira ishuke. Afunzwe kila siku akiwa mtulivu. Katikati ya ugomvi hatajifunza lolote. Kiboko, kilichopigwa marufuku shuleni tangu 2001, kitamthibitishia tu kwamba kupiga ni sawa. Mwanzishe akiwa peku uwanjani, kwani nyasi huhisiwa upesi kuliko soksi.