Zamu na muda halisi katika mchezo mmoja

Ndugu, umeuliza iwapo mchezo wa kuongoza kikosi unaweza kuchanganya mapigano ya zamu (kila upande hucheza kwa wakati wake huku mwingine ukisubiri) na ya muda halisi (wote hutenda kwa pamoja bila kusubiriana) bila kuharibu yote mawili. Unaweza, ila inategemea mifumo hiyo imeunganishwa wapi.

X-COM: Apocalypse ya mwaka 1997 ilimwachia mchezaji achague mfumo mmoja pambano linapoanza. Njia hiyo ni ghali kwa watengenezaji, kwa kuwa kila silaha na kila adui hulazimika kupimwa mara mbili.

Jagged Alliance 2 ya mwaka 1999 ilitumia busara zaidi: askari hutembea kwa muda halisi hadi adui aonekane, ndipo zamu zinapoanza, na askari aliyebakiza pointi za vitendo (kiasi cha vitendo anachoruhusiwa kwa zamu moja) anaweza kukatiza zamu ya mpinzani kwa risasi. Binafsi naupendelea mpango huu, kwani haumlazimishi mtu kuvuka uwanja mtupu hatua kwa hatua, jambo ambalo si dogo kwetu tunaolipia kompyuta kwa saa katika saiba za katikati ya Nairobi.

Valkyria Chronicles ya mwaka 2008 nayo ilipenyeza muda halisi ndani ya zamu yenyewe. Unamchagua askari, unamwendesha mwenyewe, na maadui wanaomwona humfyatulia risasi akiwa bado anakimbia, hadi utakapoanza kulenga shabaha. Ikiwa unachohofia ni zamu kupooza, anza na huo.