Albumini ya mjomba na trei mbili za mayai

Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa kule kisiwa cha Kome, Ziwa Victoria. Mwaka juzi alishuka kivukoni Kamanga akiburuza kandambili za kuazima, zake zilikuwa hazimwingii tena. Nikambonyeza kwenye muundi kwa dole gumba. Shimo likabaki pale pale, kama umebonyeza ugali wa moto.

Kisiwani walishamaliza kesi: mzee karogwa. Wachache walisema ni kichocho, na hao sikuwacheka. Kichocho cha tumbo kimejaa huku kwetu kandokando ya ziwa, na kikikaa miaka mingi kinaharibu ini mpaka tumbo linajaa maji.

Hospitali wakamtoa damu. Karatasi ya majibu ilikuwa na mistari mingi, lakini mmoja ulikuwa na mshale wa kushuka: albumini 2.1. Kwa mtu mzima kawaida ni kama gramu 3.5 hadi 5 kwa desilita. Nikamuuliza kijana wa maabara ndiyo nini hiyo. "Ni protini tu dada, kama ute wa yai." Basi mimi huyo hadi sokoni Kirumba, trei mbili. Mjomba akala mayai sita kwa siku, wiki nzima, bila kulalamika. Miguu ikazidi kuvimba.

Siku ya kliniki daktari alicheka kidogo, kisha akatueleza. Albumini ya damu inatengenezwa na ini. Kazi yake kubwa ni kuyashikilia maji yabaki ndani ya mishipa. Ikipungua, maji yanavujia kwenye miguu, tumbo, na hata kope za macho asubuhi. Inabeba pia dawa, homoni na kalsiamu. Sasa ikishuka, huenda ini limechoka kuitengeneza. Au figo zinaipitisha kwenye mkojo. Au utumbo ndio unaoipoteza. Au mwili una maambukizi makali, na ini limepunguza kazi hiyo kwa muda. Njaa ya muda mrefu nayo imo, lakini mjomba wangu hajawahi kukosa samaki. (Mama mjamzito asishtuke sana, kwake huwa inashuka kidogo kwa kawaida. Na aliyeharisha akaishiwa maji, yake inaweza kuonekana imepanda.)

Kwa hiyo ile 2.1 haikuwa jina la ugonjwa.

"Mzee, mkojo wako una povu?"

"Una povu kama maji ya sabuni ya unga," mjomba akajibu. "Nikajua ni kwa sababu bado nina nguvu."

Wakapima mkojo: protini plasi tatu, yaani nyingi sana. Figo. Mayai yangu yote yale yalikuwa maji kwenye pipa lililotoboka.

Ndiyo maana nawaambia, ukiona albumini ya ndugu yako imeshuka, uliza kama mkojo umepimwa protini na vipimo vingine vya ini vinasemaje. Mtajie daktari kila anachomeza mgonjwa, pamoja na mizizi ya kuchemsha. Mjomba alikuwa anameza diklofenaki za dukani karibu kila siku kwa ajili ya mgongo, na hakuna aliyejua mpaka alipoulizwa. Dawa za aina hiyo zinaweza kuziumiza figo. Kufunga kula si lazima kwa albumini peke yake. Wakipima na sukari au mafuta siku hiyo hiyo, watakwambia.

Na usikimbilie kurudia kipimo kesho yake. Albumini inakaa sana kwenye damu, nusu yake huisha kwa kama wiki tatu, hivyo hata tiba ikishika, namba inapanda taratibu. Mimi nilitaka apimwe kila Jumatatu. Ningemaliza hela bure.

Tulichoambiwa kuhusu chakula kilimuuma mjomba kuliko sindano: ale kawaida, mayai kwa kiasi, ila chumvi apunguze sana. Maana yake kayabo, samaki wetu wa kukaushwa kwa chumvi, basi. Kumnyima mtu wa Kome kayabo! Alimwangalia daktari kama vile ndiye aliyemroga.

Baada ya miezi mitatu ya dawa, majibu yalisoma 2.9. Kandambili zake zinamwingia, ingawa jioni zinambana kidogo. Kila akinipigia, salamu zikiisha tu, ananiuliza kama kayabo ikilowekwa usiku kucha bado inahesabika kuwa na chumvi.