COX-2 kwenye ngozi isiyo na ugonjwa: kahawia hiyo ni ya kweli?

Swali: Shikamoo daktari. Ninasomea patholojia. Nimeweka kingamwili inayonasa COX-2, kimeng'enya kinachotengeneza kemikali za maumivu na uvimbe, kwenye kipande cha ngozi ya mtu asiye na ugonjwa, nikaona kahawia ya DAB (rangi inayoonyesha kingamwili iliponasa) kwenye epidemisi, yaani tabaka la nje la ngozi. Tulifundishwa kwamba kimeng'enya hiki hutokea penye uvimbe tu. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Huenda hujakosea popote. Tangu COX-2 itambuliwe mwaka 1991 imefundishwa kama kimeng'enya cha dharura: ndugu yake COX-1 iko kazini siku zote, COX-2 huitwa pakitokea jeraha. Sehemu nyingi za mwili ni hivyo, lakini figo na ubongo huwa nayo bila ugonjwa wowote, na ngozi pia. Kwenye epidemisi COX-1 imeenea tabaka zote. COX-2 hukolea kuanzia juu ya tabaka la chini kabisa, kwenye keratinosaiti (seli za epidemisi) zinazopanda huku zikikomaa.

Sasa niambie, kahawia yako iko wapi? Ikiwa tabaka za juu, ndani ya saitoplazimu (ute wa seli) na kuzunguka kiini, inaaminika, maana COX-2 hukaa kwenye retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ndani ya seli) na utando wa kiini. Ikiwa imekolea kwenye mstari wa chini kabisa, subiri kwanza. Ngozi zetu nyeusi zina melanini, rangi ya asili ya ngozi, nyingi hapo hapo, nayo ni kahawia kama DAB. Tena hujikusanya juu ya kiini kama kofia, ukadhani ni kimeng'enya. Nimeona slaidi za namna hiyo zikiandikwa chanya, na inaniuma, kwa sababu picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe na mwanafunzi wetu hana pa kulinganishia.

Kata kipande kingine cha sampuli ileile, fuata hatua zote ila usiweke kingamwili ya COX-2. Kahawia itakayobaki si ya COX-2. Kisha, badala ya hematoksilini (rangi ya buluu ya viini), malizia na rangi ya Giemsa, hii hii tunayotazamia vimelea vya malaria: melanini itageuka kijani-buluu, DAB ibaki kahawia.

Uliza pia kipande kilikatwa wapi. Mionzi ya UVB ya jua huongeza COX-2 kwenye keratinosaiti, kwa hiyo ngozi ya mkono wa mtu anayeshinda shambani usiilinganishe na ya makalio, hata kama zote mbili hazina kidonda. Sehemu hiyo iandikwe kwenye fomu kabla sampuli haijaingia formalini, dawa ya kuihifadhi.