"Deem": nani anayefikiri?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri mkataba wa pango la duka. Kifungu kimoja kinasema taarifa iliyotumwa kwa posta "shall be deemed to have been received" siku ya saba baada ya kutumwa. Niliandika "itafikiriwa kuwa imepokelewa", wakili akaikata kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Kamusi yangu inasema deem ni kudhani, kufikiri, kuona. Nimekosea wapi, na neno lenyewe limetoka wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Wakili yuko sahihi, ingawa angekueleza. Ukiandika "itafikiriwa", mpangaji atauliza: na nani? Kesho atakuja na bahasha mkononi: "Mimi nimeipata siku ya kumi na mbili, muhuri wa posta huu hapa." Kifungu kimewekwa ili ubishi huo usianze. Hapo hakuna mtu anayefikiri chochote. Pande mbili zimekubaliana kwamba ikifika siku ya saba, barua imepokelewa, hata kama bado iko ndani ya gunia la posta.

Andika "itahesabiwa kuwa imepokelewa". Wengine huandika "itachukuliwa kuwa", nayo si kosa, ila mimi napenda "kuhesabiwa" kwa sababu tumeizoea tangu shuleni: anayefika baada ya majina kuitwa huhesabiwa hayupo, na huku amesimama mlangoni anahema. Wala usiandike "itadhaniwa". Dhana kwa wanasheria ni presumption, ambayo mara nyingi huweza kuvunjwa kwa ushahidi. Deem kwa kawaida haivunjwi hivyo.

Kuhusu asili, kamusi yako imekupa nusu ya habari. Deem ni Kiingereza cha kale, cha kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066. Wakati huo ilikuwa "deman", maana yake kutoa hukumu. Imetokana na nomino "dom", hukumu au sheria, ambayo leo ni doom. Usishangae o kugeuka e: ni mabadiliko yale yale yaliyozaa feed kutoka food, na bleed kutoka blood. Ukichimba zaidi unakuta mzizi wenye maana ya kuweka, ambao pia umezaa do. Kwa hiyo "dom" ilikuwa jambo lililowekwa, likakaa.

Doom haikuanza na maangamizi. Doomsday ni Siku ya Hukumu tu. Hofu ya siku hiyo ndiyo iliyolitia neno giza. Daftari la ardhi na mali lililokamilishwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William, kiongozi wa Wanormani hao, liliitwa Domesday na watu wenyewe, maana kilichoandikwa humo hakikuwa na rufaa, kama hukumu ya Kiyama.

Wanormani walileta judge, neno la Kifaransa lenye asili ya Kilatini, kwa maana ya kuitamka sheria. Likatwaa mahakama, deem likasukumwa pembeni kwenye kuona na kudhani. (Nasi hakimu na kadhi tuliwapata kwa Waarabu, kuamua kukabaki kwetu.) Lakini katika kisiwa cha Man, kilichoko kati ya Uingereza na Ireland, majaji wa Mahakama Kuu bado wanaitwa deemster, na Msweden anamwita refa wa mpira "domare", neno lile lile alilonalo kwa jaji.

Ile maana ya kuona bado ipo, na huenda utakutana nayo kurasa za mbele: "as the landlord deems fit". Hapo yupo mtu mwenye macho, kwa hiyo andika "kadiri mwenye nyumba atakavyoona inafaa". Ukikuta deem, mtafute mtendaji kwanza. Akiwepo, anaona, asipokuwepo, inahesabiwa.

Na kabla hujamrudishia wakili, usiiache "baada ya kutumwa" ikadondoka. Bila maneno hayo, kuna atakayeanza kuhesabu siku saba kuanzia siku ile ile barua ilipotiwa posta.